Upanga wa Mchawi

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili mtaa wa Izia, mjini Sumbawanga, katika nyumba ya mama mmoja mjane ambaye wanawe wanachunga ng'ombe huko bondeni, upande wa Milepa. Familia yao ilihamia Rukwa na mifugo yake kutoka Usukumani, na wanawe walipojiweza wakamjengea mama yao mjini ili awe karibu na hospitali. Macho yalimsumbua. Yalikuwa mekundu mwaka mzima, yakimtoka machozi kila akipuliza jiko. Mimi nilikuwa nauza mbegu na mbolea katika duka la pembejeo. Jioni nikirudi tuliota moto wa mkaa pamoja, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba si ya kukaa nayo peke yako.

Kila Jumapili baada ya misa walikuja washikaji zangu wawili. Mmoja ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Mbeya. Mwingine ni muuguzi, Mfipa wa hapahapa. Tulikuwa tunacheza mchezo wa mezani ambao mwalimu aliupata mtandaoni, akatafsiri sheria zake kwa Kiswahili. Mmoja anasimulia safari ya kubuni, wengine wanakuwa watu ndani ya safari hiyo, na penye shaka dadu ndiyo inayoamua. Mwalimu alisimulia, na maadui wote walikuwa wake kuwachezesha. Mimi nilikuwa askari. Muuguzi alikuwa mchawi.

Mji wetu umetaniwa sana kwa neno hilo na watu wa mikoa mingine, hadi wenyeji wamechoka kukasirika. Kwetu pale mezani lilishakuwa jina la kazi tu, kama fundi au dereva.

Jumapili moja, ndani ya pango la mfalme aliyekufa, mchawi wa muuguzi aliokota upanga.

"Hawezi kuubeba," mwalimu alisema. "Sheria inasema mchawi hashiki silaha ya chuma wala havai vazi la vita. Ana fimbo na kisu kidogo, basi."

"Kisu ni cha mti?" muuguzi aliuliza.

"Kisu ni kidogo."

"Sijauliza ukubwa. Nimeuliza kama ni chuma au si chuma."

Nilicheka, lakini wao hawakucheka. Walikuwa wamebishana jambo hilihili majuma mawili yaliyopita kuhusu ngao, na mwalimu alikuwa amekuja amejiandaa. Akasema mchawi ametumia ujana wake wote kujifunza maneno ya nguvu, hakuwa na muda wa kujifunza upanga. Muuguzi akajibu kwamba basi aushike vibaya, akose shabaha, lakini asiambiwe mikono yake haiwezi kufunga vidole kwenye mpini. Hata mtoto anaweza kuokota panga shambani. Mwalimu akanigeukia mimi.

"Wewe askari, sema. Huyu akiwa na moto mkononi na upanga kiunoni, wewe umekuja kufanya nini kwenye safari hii?"

Niliona wote wawili wananiangalia. Kweli nilitaka upanga ule uwe wangu, kwa hiyo nikasema mwalimu ana hoja. Muuguzi akasukuma kiti nyuma.

"Nyie mnataka afe tu," alisema. "Kila tukikutana na adui, wa kwanza kuanguka ni mimi."

Hapo mwalimu akapandisha sauti, ile anayoitumia darasani. "Ndiyo. Mchawi lazima awe mwepesi kuuawa. Akishika upanga tutamuuaje? Ndiyo maana ya sheria."

Nje, uani, ungo ulianguka. Nilisikia maharage yakimwagika kwenye saruji. Nilifikiri ni kuku. Muuguzi alikuwa anakusanya vitu vyake, mwalimu anamwambia akae chini kama mtu mzima, na nilikuwa na shughuli ya kuwazuia wasivunjiane heshima nyumbani kwangu. Muuguzi aliondoka bila kuaga.

Jioni mama hakutoka kuota moto. Niligonga mlango wake.

"Mama, shikamoo. Unaumwa?"

"Nimelala," alijibu kutoka ndani. Hakuitikia shikamoo yangu, na tangu nihamie pale hakuwahi kuiacha hivyo.

Asubuhi mlango wake ulikuwa na kufuli. Jirani, mama muuza ndizi, alikuwa uani kwetu anawapa kuku wa mama mwenye nyumba pumba. Aliponiona alisimama wima.

"Mlimfanya nini yule mama?"

"Kwani yuko wapi?"

"Amepanda lori la kwenda bondeni alfajiri. Alikuwa anatetemeka. Anasema ninyi vijana mlikaa kikao humo ndani mkasema mchawi lazima awe mwepesi kuuawa. Mkaulizana mtamuuaje." Akapunguza sauti. "Mlikuwa mnamsema nani?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu mchezo, pango na dadu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyorudi nyuma kidogokidogo, ndoo ya pumba ikiwa mbele yake. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulijua. Kule walikotoka, dada mkubwa wa yule mama alisingiziwa uchawi, na watu walimvamia kwa mapanga. Alisingiziwa kwa sababu alikuwa mjane na macho yake yalikuwa mekundu.

Niliomba ruhusa dukani nikampigia mwalimu. Alikuja na pikipiki yake. Nilipomweleza, aliigeuza pikipiki kuelekea bondeni.

"Maneno ni yangu," alisema. "Panda twende."

Tulishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Kule juu kwenye baridi nilikuwa nimevaa koti na kitambaa kichwani, tulipofika bondeni kwenye joto nikavivua. Vumbi la bonde lilitujaa machoni. Nilikuwa nafikiria jinsi habari inavyosafiri, na kwamba lori lile lilikuwa limetutangulia kwa saa kadhaa. Wanawe wangekuwa wameshasikia kila kitu, kwa namna alivyosikia yeye.

Walikuwa wameshasikia. Tulipozima pikipiki nje ya boma, wanaume watatu walitoka. Mkubwa wao alikuwa na fimbo ya kuchungia na panga kiunoni, kama mchungaji yeyote wa kule, lakini sikuweza kuacha kuliangalia.

"Wewe ndiye mpangaji?"

"Ndiyo kaka. Nimekuja kumwona mama."

"Mama hataki kukuona. Nani kati yenu alisema auawe?"

Mwalimu akateremka. "Ni mimi niliyesema," alisema. "Lakini sikumsema mama. Nilimsema mtu asiyekuwepo."

"Mtu asiyekuwepo anauawaje?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Mwalimu akatoa dadu mfukoni, akachuchumaa, akazirusha mavumbini mbele ya wale wanaume watatu. Akaeleza kuanzia mwanzo. Sauti ya darasani ilikuwa imemwishia. Alieleza nani ni askari, nani ni mchawi, kwa nini mmoja anaruhusiwa upanga na mwingine haruhusiwi. Mdogo wao alitabasamu kidogo, mkubwa akamtazama, tabasamu likafa.

"Huyo mchawi wenu," mkubwa alisema, "amewahi kumdhuru mtu?"

"Hapana. Yuko upande wetu. Ni mwenzetu."

"Mwenzenu, halafu mnamwita jina hilo. Na mnamkataza kushika panga wakati adui wanakuja na mapanga."

"Ndiyo sheria ya mchezo."

"Nani kaiweka?"

Mwalimu alianza kuokota dadu zake. Nikajibu mimi kwamba tulikuwa tunaweza kuibadilisha tukikubaliana, na kwamba tulikuwa tunagombana kwa sababu hatujakubaliana.

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa muda wote huo, upande wa kivuli. Hakuniita mwanangu. Aliuliza kwa nini tulitumia jina lile wakati Kiswahili kina majina mengi. Nilimwambia hatukufikiri. Akasema yeye hulifikiria kila siku, akaingia ndani.

Tulipewa maziwa, tukayanywa tukiwa tumesimama, kisha mkubwa akatuambia tuondoke kabla jua halijashuka kwa sababu barabara ya mlimani ni mbaya.

Mama alikaa bondeni hadi mahindi yalipokwisha kuvunwa. Jirani alinikabidhi ufunguo wa banda, na kila siku niliwalisha kuku wa mama. Jirani alikuwa akinisalimia kwa mbali. Dukani wateja wawili waliniuliza kama ni kweli, na nilieleza kila mara, na kila mara nilijisikia nasema uongo.

Mwalimu na muuguzi walikutana kwangu mara moja tu katika kipindi hicho. Muuguzi hakutaka tena upanga. Alisema anataka mtu wake aitwe mjuzi, au mchezo uishe. Mwalimu alikubali jina, lakini kuhusu chuma alishikilia palepale, na nilishangaa kuona wanaanza upya, kwa sauti za chini safari hii, kisu ni chuma au si chuma, hadi nikawaambia waende wakabishanie nyumbani kwa mwalimu.

Mama alirudi na mwanawe mkubwa, aliyebeba gunia la mahindi begani. Nilitoka kumpokea mzigo.

"Shikamoo mama."

Alinitazama kwa yale macho yake, akafuta machozi ya vumbi la safari.

"Marahaba," alisema, akaomba ufunguo wa banda la kuku.