Mlango Uliokataa Rangi

Ni saa moja na nusu asubuhi, siku yake ya mapumziko, na mwanamke wa miaka arobaini na saba amepiga magoti mbele ya fremu ya mlango. Anaikodolea macho kama mzazi anayesubiri mtoto aseme ukweli. Mkononi ana kitambaa kilichokatwa kutoka shuka kuukuu. Kando yake kuna kopo la rangi ya mbao, na kabla ya kuchovya anainama na kulinusa.

"Mwenye duka aliapa kwamba halijafunguliwa," anasema. "Mtu akiapa kabla hujamuuliza, ujue kuna jambo."

Anachovya, anakamua, kisha anapitisha kitambaa juu ya mbao akifuata mistari yake, kutoka chini kwenda juu, bila kurudi nyuma. Anahesabu kimoyomoyo hadi sitini. Anachukua kitambaa kikavu na kufuta rangi iliyozidi.

Mbao inabaki na wekundu wa kahawia, mistari yake imejitokeza vizuri. Mgeni angesifu. Yeye anaitazama kutoka kushoto, anahama, anaitazama kutoka kulia.

"Tungoje ikauke. Ikiwa mbichi, kila rangi ni nzuri."

Kazini kwake, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, wanamwita Bi Mkaguzi. Ana miaka kumi na tisa mahali pale. Kila zamu yeye na wenzake watano wanapitisha kilo zipatazo mia tatu za mashuka, mataulo na nguo za wagonjwa, na hakuna furushi linalotoka bila yeye kulifungua tena.

"Ukimpa chai anauliza maji kachemsha nani," anasema mwenzake mmoja akicheka.

"Enhe, kachemsha nani?" Bi Mkaguzi anadakia bila kugeuka.

Hata daftari la mwandishi wa makala haya halikumpendeza. Mara mbili aliomba asomewe kilichokwisha andikwa, na mara moja akaagiza neno lifutwe.

Nyumba yake ina vyumba vitatu na sebule. Kuikarabati kulimchukua miezi kumi na minne, kwa sababu mshahara ulitosha kidogo kidogo: mwezi huu saruji, mwezi ujao bati, mwezi mwingine hakuna kitu. Shabaha ilikuwa moja, kumhamishia mama yake.

Mama ana miaka sabini na sita na anaishi kwa mwanawe wa kiume, ambaye ni mdogo wa Bi Mkaguzi, seremala. Chumba chake kiko juu ya karakana. Ngazi zina vidato kumi na kimoja, na magoti ya mama yamegoma.

Mama alikubali kuhama kwa sharti moja. Alitaka milango ya mbao.

"Mlango wa chuma ukifungwa unanitukana," alisema.

Kazi akapewa mdogo mtu. Wateja wanamwita Fundi Pole, na si kwa upole wake. "Akikwambia kesho, muulize ya mwezi gani," anasema dada yake. Lakini mkono wake ni safi, na hilo hata dada hakatai.

Bi Mkaguzi alinunua mwenyewe mbao za mvule, ubao kwa ubao. Kabla hazijapelekwa karakana alitia alama ya chaki nyekundu kwenye ncha ya kila mmoja. Hakumwambia mtu.

Milango minne na fremu zake zilipokuja kufungwa, alipekua alama zake moja moja. Hakuiona hata moja.

"Nikasema, haya. Tumeanza."

Siku hiyo hiyo jirani alimwambia kwamba alikuwa amemwona fundi akitoka karakana na mkokoteni uliofunikwa turubai. Umebeba nini, jirani hakujua. Bi Mkaguzi hakuuliza. Aliweka neno moyoni kama anavyoweka funguo, mahali anapojua mwenyewe.

Fundi wa rangi alimtajia bei iliyokaribia nusu ya mshahara wake kwa kila mlango. Akamshukuru, akamsindikiza hadi nje, akafunga mlango. "Miaka kumi na tisa nashughulika na rangi za nguo. Kitambaa, brashi na kopo vitanishinda nini?"

Waliopiga lipu walikuwa wamerushia saruji kila mahali. Mfuaji hawezi kupaka rangi kitu kichafu, kwa hiyo alifanya anachokijua. Alichemsha maji, akatia sabuni ya unga, akasugua milango na fremu. Alipomaliza akasuuza kwa maji yenye dawa ya kulainishia nguo, ile ile anayoiamini kwa mashuka, ili mama akifika nyumba inukie. Siku ile hakuwa na kigoda. Alisugua pale mkono ulipofika.

Siku mbili baadaye alijaribu rangi. Nguo hujaribiwa kwenye pindo la ndani, pasipoonekana, hivyo mlango nao aliujaribu kwenye ukingo wa juu kabisa, baada ya kuazima ngazi. Rangi ikanywewa vizuri sana. Mvule wenyewe.

Kisha akapaka upande wa mbele.

"Ikakataa," anasema, na hata leo anapunguza sauti. "Hapa imeshika, hapa nyeupe, hapa imeshika, hapa nyeupe. Mlango mzima kama una ukurutu."

Akaongeza mkono wa pili. Ikawa inanata tu. Alipopitisha kiganja, mbao ilikuwa na vinyweleo vilivyosimama, vinakwaruza. Juu mvule, mbele kitu kingine. Chaki hazionekani. Mkokoteni umefunikwa. Mambo yote yakajipanga kichwani mwake bila kusukumwa.

Adhuhuri ile ile alikuwa karakana. Palikuwa na wateja watatu wamekaa kwenye benchi wakisubiri kitanda na meza zao.

"Mvule wangu umemuuzia nani?" akauliza akiwa bado mlangoni.

Fundi Pole aliweka randa chini taratibu. "Dada, rudia. Hawa hawajasikia vizuri."

"Nimesema mbao zangu umeuza ukanibandikia msonobari. Wewe ni mwizi."

Mdogo wake alichukua randa, akaendelea na ubao wake, na maranda yakawa yanaanguka miguuni pa dada yake mpaka alipoondoka.

Jioni mama alimpigia simu.

"Nasikia mwanangu ni mwizi."

"Mama, ungeiona hiyo milango..."

"Sitaiona. Mlango uliomtia mwanangu aibu mbele za watu, mimi siupiti."

"Nami ni mwanao, mama."

"Ndiyo maana nimekupigia mwenyewe, sikutuma mtu."

Chumba kikakaa kitupu. Kitanda kimetandikwa, pazia limetundikwa, na mama bado anashuka ngazi zake kwa makalio, kidato kimoja kimoja. Kila siku Bi Mkaguzi alipotoka kazini aliupita ule mlango wenye mabaka, na kila siku alizidi kuamini kwamba haki ilikuwa yake. Aliamini hivyo kwa wiki tatu.

Wiki ya nne, muuguzi alishuka chumba cha kufulia na furushi kwapani, amekunja uso.

"Mataulo yenu yana nini? Hayanyonyi maji. Mgonjwa anafutwa, maji yanateleza tu."

Bi Mkaguzi alishika taulo moja. Lilikuwa laini kupita kiasi, linateleza kama lina mafuta. Alijua kosa kabla hajalinusa: zamu ya usiku ilikuwa imezidisha dawa ya kulainisha. Dawa hiyo ikizidi hukaa juu ya nyuzi na kuziba njia ya maji. Amewaonya wageni wa kazi jambo hilo mara zisizohesabika.

"Nikaanza kumweleza muuguzi," anasimulia. "Katikati ya maneno nikanyamaza. Akaniuliza, unaumwa?"

Nyumbani aliazima ngazi tena. Aliutazama mlango kwa utulivu, safari hii bila hasira ya kumzuia kuona. Mabaka yalianzia chini yakapanda hadi kimo fulani, yakakoma. Akasimama sakafuni, akanyoosha mkono. Ncha za vidole zikagusa pale pale.

Hata hivyo alitaka kuhakikisha, maana yeye ni yeye. Alihitaji kipande cha ubao ule ule ajaribu, na vipande vyote vilibaki karakana. Hapakuwa na pengine pa kukipata ila kwa aliyemwita mwizi.

Karakana safari hii kulikuwa na wateja wawili.

"Umekuja peke yako au askari wako nje?" Fundi Pole akauliza.

"Nimekuja kuomba kipande."

"Cha nini?"

"Cha mbao yangu."

Benchi zima likageuza shingo. Fundi aliingia nyuma, akarudi na kipande cha urefu wa mkono. Ncha yake ilikuwa na chaki nyekundu.

"Kwa hiyo ulivichukua," dada akasema.

"Ncha hukatwa, dada, zina nyufa. Na vipande seremala gani anaviacha? Nilitengeneza vigoda vitatu, nikavitoa na mkokoteni, nikauza."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulitangaza."

Bi Mkaguzi alitoa mkobani chupa ndogo ya dawa ya kulainishia na kopo lake la rangi. Alisugua nusu ya kipande kwa dawa, akakiweka juani, akakaa kwenye benchi na wateja. Hakuna aliyeondoka. Mmoja kitanda chake kilikuwa tayari, lakini alikumbuka ghafla kwamba hana haraka.

Kipande kilipokauka akakipaka chote. Nusu moja ikanywa rangi. Nusu ya pili ikabaki na mabaka.

Fundi Pole alikinusa. "Harufu ya mashuka," akasema. "Dada, umeifua milango?"

"Kumbe mlango ulifuliwa!" mwenye kitanda akapasuka kicheko. "Ungeuanika na vibanio!"

Bi Mkaguzi hakucheka. Alisimama katikati ya maranda. "Mbao ni ile ile. Kosa ni langu."

"Rudia," mdogo wake akasema. "Hawa hawajasikia vizuri."

Akarudia, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Fundi aliitikia kwa kichwa, akamweleza namna ya kuondoa ile dawa, kisha akarudi kwenye kazi yake. Hakumwambia karibu, wala hakumwambia kwaheri.

Tangu hapo siku zake za mapumziko zinapita hivi, magotini. Anafuta kwa maji ya uvuguvugu matupu, anaacha mbao ikauke siku mbili, anasugua kwa tapentaini, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, hadi vinyweleo vilale. Ndipo rangi. Mlango mmoja unakula siku nne. Kucha zake zimekuwa za kahawia, na kazini wanamuuliza kama anajichubua au anajipaka.

"Siku hizi nikishuku, najianza mimi mwenyewe," anasema. "Kisha nahamia kwa wengine. Wengine pia siwaachi. Vile vigoda vitatu, kwa mfano, bado nina la kusema."

Milango mitatu imekwisha. Fremu ya mwisho ndiyo hii anayoipaka leo, na imekauka anavyotaka. Anapitisha kiganja juu yake mara mbili, anasonya kidogo, lakini ni msonyo wa kuridhika.

Umebaki mlango wa chumba cha mama. Ameung'oa na kuulaza juu ya mabenchi mawili sebuleni, mabaka yake yote yakitazama dari. Hajaugusa.

Mama ameshapata habari za karakana, na amelegeza msimamo wake nusu. Anataka mlango ule upigwe msasa na mwanawe, upakwe rangi na binti yake, siku moja, yeye akiwa amekaa kwenye kiti anawatazama. Akiridhika na atakachokiona, atalala humo usiku huo huo. Asiporidhika, atarudi kwenye ngazi zake.

Fundi Pole amejibu kwamba atakuja Jumamosi, akipata nafasi. Hakutaja Jumamosi gani.

Anaamini atakuja? Bi Mkaguzi anakunja kitambaa chake mara nne, pembe kwa pembe, kama anavyokunja mashuka ya hospitali.

"Siamini," anasema. "Nilimtia doa mbele za watu, na doa la namna ile nalijua, halitoki kwa mkupuo mmoja. Lakini sitakwenda kumuuliza. Asipokuja Jumamosi hii nitamngoja ijayo, na ile nyingine. Nimeshabadilisha zamu za mwezi mzima."

Anachukua kiti cha plastiki, anakifuta vumbi, anakiweka mahali ambapo mtu mzima anaweza kukaa na kuuona mlango wote vizuri. Anakitazama. Anakisogeza kidogo kutoka kwenye jua. Kisha anakwenda kuchukua kiti cha pili, cha fundi.