Nilivyomfutia Profesa Ubao

Nichekeni tu, nimestahili. Wiki nzima niliwasifia wanafunzi wangu hapa Kitale yule profesa wetu wa hesabu, mzaliwa wa Tongaren. "Huyo mama alianza kuchunguza maumbo yanayozaliwa na milinganyo kabla nyinyi hamjazaliwa!"

Siku ya ziara yake naingia darasani, nakuta ubao umejaa visanduku vyenye namba, kama ile michoro watoto hurukia uwanjani. Ati mgeni akute hii? Nikafuta yote kwa mkono wa koti langu jipya, nikanguruma, "Nani amechora upuuzi huu? Simama!"

Kwenye dawati la nyuma akasimama mama mwenye sweta, chaki mkononi.

"Ni mimi, mwalimu. Visanduku hivyo ndivyo ninavyotumia kuchunguza maumbo ya milinganyo, kazi ambayo wanasema umeisifia wiki nzima."