Povu Kwenye Chemchemi

Dereva mstaafu haingii kwenye maji ya moto kabla hajapiga magoti na kuzoa mchanga ulioletwa usiku na upepo wa jangwani. Viganja vyake ni vigumu kama tairi kuukuu, lakini ukingo wa bwawa huufuta kama anayemfuta mtoto uso. Muuguzi mmoja kijana alipokuja mara ya kwanza, dereva alimwambia kwa sauti yake ya chini, "Humu tunaingia na uchovu tu, mwanetu. Sabuni ibaki nyumbani." Tangu hapo wazee wote waogao humo wakamwita mwanetu.

Leo muuguzi, kwa mazoea ya bafuni kwake, kajipaka sabuni humo humo. Povu likatanda. Wazee, taulo mabegani, wakarudi nyuma. Dereva hakumkaripia. Alizamisha mkono, akachomoa jiwe lililofungwa tambara lililoziba tundu la chini, bwawa zima likamwagikia mchangani. Wakakaa kusubiri lijae tena, polepole, hadi jua likawa la utosi.

"Nisamehe, baba," muuguzi alisema, akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Maji yatarudi."

Yaliporudi, dereva alifuta ukingo, akasogea kumpisha, kwa upole ule ule wa siku zote.

"Karibu, mgeni. Tangulia wewe."