Ndara Chumbani kwa Ndugu Yangu

Majina ya wote waliokuja mlangoni kwangu siku ile nnayo kichwani, na ya mama zao pia, lakini hapa sitaji hata moja. Ndugu yangu keshatajwa vya kutosha mtaani kwetu Wattaya.

Ni mdogo wangu, niliyemwachia ziwa. Alikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye magereji ya Ghala mpaka maradhi ya akili yalipomwingia, akawa anasikia watu wanamsema ndani ya redio za magari ya wateja. Sasa anakunywa dawa zake, anakaa chumba cha uani kwangu, na kazi yake ni moja: kuokota viatu vilivyopotelewa na wenzao. Ndara ya mtoto iliyoachwa njiani, kiatu kilichobaki peke yake mlangoni mwa msikiti, anakiosha, anakipanga ukutani, anangoja mwenyewe apite. Akimwona tu humwita, "Njoo uchukue chako." Wakubwa wanacheka. Watoto wanachukua.

Basi mjukuu wangu alinianzishia kitabu cha upelelezi cha nchi za theluji, Uswidi huko. Mimi kusoma kwangu ni kwa kudokoa, macho nayo yamechoka, kwa hiyo kila baada ya chakula cha mchana yeye anasoma kimya kwa Kiarabu kisha ananieleza kwa Kiswahili. Mtoto kapotea. Kando ya ziwa anakaa bwana mmoja peke yake, mgonjwa wa akili, anazungumza na miti. Nyumbani kwake wakaona glavu ya mtoto, bado mbichi kwa maji.

"Ndiye huyo!" nikasema.

"Bibi, tuko ukurasa wa arubaini."

"Hata ungekuwa wa nne. Ndiye."

Ndugu yangu alikuwa kakaa kizingitini na kikombe chake cha kahawa. Akauliza, "Na huyo bwana, nani anampelekea chakula?"

Mjukuu akatazama kitabu. "Haikuandikwa, babu."

"Basi mji mzima huo waongo," akasema, akaenda zake.

Siku mbili baadaye, alasiri haijaadhiniwa, jirani yangu akaja kugonga, mtandio umemwanguka mabegani. Binti yake wa miaka sita hakuonekana tangu adhuhuri.

"Bibi, mwanangu hayupo kwako?"

"Hayupo, mwanangu."

Akatazama uani kupitia begani kwangu. "Na babu yuko wapi?"

"Katoka."

Nyuma yake walikuwapo wanaume watatu. Mmoja, shemegi yake, akasema kwa Kiarabu wakitazame chumba cha mwehu. Walidhani sikusikia.

"Ngojeni," nikawaambia. "Uani wamo wanawake, hawajajifunika. Nitakwenda mwenyewe."

Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Lakini kwa neno hilo mwanamume wa kwetu hupiga hatua nyuma, na wao walipiga.

Nikaingia chumbani kwake bila ya hodi. Nikafungua kabati. Nikainama kuchungulia chini ya kitanda, magoti yananichoma, naomba nisione kitu. Palikuwa na mswala tu. Ndipo nikaviangalia viatu ukutani. Ya mwisho kwenye safu, chini ya dirisha, ndara ndogo ya waridi yenye ua la manjano. Naijua. Binti wa jirani mwenyewe alinionesha siku ya sikukuu, akanyanyua mguu nione ua. Nikaishika. Ilikuwa mbichi.

Nikaipachika kiunoni, nikafunga kanga juu yake, nikatoka. "Hamna kitu," nikawaambia wale wanaume, na kinywa changu kina udhu.

Msidhani nilikuwa namtetea. Nilikwishamhukumu.

Wakaenda kugonga nyumba nyingine. Mimi nikabaki mlangoni, ubichi wa ndara unapenya nguo mpaka tumboni, namngoja ndugu yangu. Akija nimkumbatie au nimuulize kamtia wapi mtoto, sikujua. Akatokea pembeni na mkate mkononi. Wakamzunguka. Shemegi mtu akamshika kanzu shingoni.

"Mtoto yuko wapi?"

Alinitazama mimi. Na mimi, dada yake, nikatazama chini.

Papo hapo tukasikia vigelegele nyumba ya pili. Mtoto kaonekana kwao wenyewe, majlisi ya juu, chumba cha wageni, kalala nyuma ya mito, pazia limemfunika. Yule shemegi akainyoosha kanzu ya ndugu yangu kwa kiganja. "Tusamehe, babu," na mbio akaenda. Mama akamtoa mtoto nje, kamkumbatia, miguu mitupu inaning'inia.

"Ngoja, nna chako!" ndugu yangu akapiga kelele, akaingia ndani. Akarudi mikono mitupu.

"Dada, ndara yake niliiokota kwenye bomba la maji, nikaiosha kabla sijatoka. Haipo."

Nikaifungua kanga, nikampa.

"Mbona iko kwako?"

Uongo wa kwanza na wa pili nilikwishausema, wa tatu ungenitoka kwa wepesi. Lakini alikuwa kaukodolea macho ule ubichi kwenye nguo yangu.

"Nilidhani ni wewe," nikamwambia.

Akaifuta ndara kwa kanzu yake, akavuka njia, akamvisha mtoto pale pale mikononi mwa mama yake.

Kitabu tulikimaliza. Bwana wa ziwani hakuwa na kosa. Mjukuu alifurahi kunionesha nilivyokosea. Mimi nikamwambia akirudishe alikokitoa.

Chakula cha ndugu yangu nampelekea kila siku. Zamani nilikuwa naingia tu. Sasa mlango una komeo jipya, kalitia mwenyewe, kwa hiyo napiga hodi, nangoja. Anafungua nusu, anapokea sahani, ananambia akhasante, dada. Kisha nalisikia komeo.