Masweta Arobaini ya Duka la Laine

Tap. Kimya kifupi, kisha tap nyingine. Enzi zetu, sisi watoto wa mtaa wa Kadutu tuliolelewa miguuni pa wanawake wafumaji, tulijua habari za uzi kwa sikio kabla ya jicho. Sweta zuri la mitumba lilipofumuliwa lilitoa mlio mmoja mrefu, kama mvua ya mbali inayotembea juu ya mabati, na mlio huo haukukoma mpaka mkono mzima wa sweta umegeuka kuwa donge. Asubuhi ile mlio haukuwa mrefu. Mama alivuta, uzi ukakatika. Akavuta tena, ukakatika. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji, nikajua kabla yake kilichotokea, na nikajua nani aliyekisababisha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Watu wa rika langu watanielewa upesi, lakini wadogo zetu hawana habari, kwa hiyo nieleze kwa utaratibu. Kila uzi wa kufumia tuliuita laine, hata ule ambao haukuwahi kukutana na kondoo. Laine mpya ilikuwa ya wenye uwezo. Mama zetu walinunua masweta makubwa ya mitumba, wakayafumua, wakauosha uzi, wakautundika uani na jiwe zito chini yake ili mikunjo inyooke, kisha wakafuma upya: kofia na soksi za watoto wachanga, visweta vya ubatizo, shali za bibi waliokuwa wakilalamikia baridi ya asubuhi. Ua wetu ulinukia sabuni ya kipande, sufu iliyolowa na sambaza, wale dagaa wa ziwani, zilizokuwa zikikaangwa kwa jirani. Kazi yetu watoto ilikuwa kunyoosha mikono miwili mbele huku uzi ukizungushwa juu yake, na aliyelegea alisikia: «Weye, mikono! Laine haingojake mutu wa usingizi!» Mabaki tuliyasokota kuwa kamba ya kuruka. Kamba yetu ilikuwa na rangi saba, na wasichana wa mtaa wa juu walikuja kuiazima kwa adabu ambayo hawakuwa nayo kwa jambo lingine lolote.

Siku hizi binti wa jirani anajifunza kufuma kwa simu. Anafuma mshono mmoja, anasimamisha video, anafuma wa pili, anairudisha nyuma. Skafu yake ina urefu wa kiganja na imekwisha kupigwa picha mara thelathini. Ninamcheka, lakini sina haki kubwa ya kumcheka, kama mtakavyoona.

Mama alikuwa na ndoto moja, naye aliigawana na mtu mmoja: Maman Furaha, rafiki yake tangu ujana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuuza sokoni. Walitaka duka la laine. Si meza ya barabarani. Duka la mbao karibu na soko, lenye rafu zilizopangwa kwa rangi, na benchi ambapo mwanamke yeyote angeweza kuketi, kufuma na kusema maneno yake. Jioni nyingi walibishana juu ya benchi hilo.

«Wanawake bakikaa sana, batanunua saa ngapi?» Maman Furaha aliuliza.

«Bakikaa, batamaliza laine. Bakimaliza, batanunua,» Mama alijibu. «We unajua kuuza, mi najua wanawake.»

«Unajua wanawake? Ata bwana yako hujamujua!»

Walicheka mpaka sindano zikaanguka. Sijasikia tena kicheko cha namna hiyo katika nyumba yetu.

Akiba yao ilipokuwa ya kutosha, waliamua kununua masweta arobaini kwa mara moja, wayafumue yote, na madonge yake yawe bidhaa ya kwanza ya duka. Sasa, kuna jambo ambalo mfumaji wa mitumba hapaswi kulisahau. Sweta lililofumwa vipande vizima hufumuka kwa uzi mmoja mrefu. Sweta lililokatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kilichofumwa na mashine, kisha likaungwa pembeni, hufumuka kwa vipande vya urefu wa mkono, vipande visivyofaa hata kufungia mboga. Kwa nje yanafanana. Tofauti iko ndani, kwenye mshono wa ubavu, na Mama alikuwa amenifundisha kuisoma kwa vidole. Macho ya Maman Furaha hayakuona vizuri vitu vya karibu. Siku ya ununuzi Mama alishikwa na homa, hivyo nilitumwa mimi, macho na vidole vya kampuni nzima.

Niligeuza sweta la kwanza: zima. La pili, la tatu, la nne, la tano: mazima. Pembeni mwa muuzaji mwanamke mmoja alikuwa akikaanga mikate ya mafuta, ile midogo ya duara, na Maman Furaha alikuwa ameniahidi miwili kazi ikiisha. Nilikwisha kuinusa. Nilijiambia kwamba matano yamethibitisha arobaini.

«Ansima, umeangalia yote?»

«Yote, maman.»

Ndivyo nilivyosema. Nimelirudia neno hilo kichwani kwa miaka kumi na saba, nikitafuta ndani yake dalili ya utoto, ya njaa, ya kutoelewa swali. Swali lilieleweka. Mikate ilikuwa mitamu.

Maman Furaha alibeba mzigo, ukalala kwake kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na soko, na asubuhi akauleta kwetu. Kisha ikaja ile sauti. Mama alifumua kumi kabla ya kuinua uso. Sakafu ilijaa nyuzi fupi kama nywele mlangoni pa kinyozi.

«Ansima aliangalia yote,» alisema polepole. «Ansima anajua. Kwako ndiyo ililala.»

«Maman Ansima, unataka kusema nini?»

«Nasema, kwako ndiyo ililala.»

«Nilibadilisha masweta, mimi? Nilipeleka mazuri wapi? Ingia kwangu, angalia ata chini ya kitanda!»

«Mutu mwizi, anawekaka chini ya kitanda?»

Maman Furaha alinigeukia mimi. Nilitazama uji. Alisimama pale kwa muda ambao mtu angeweza kukiri mara tatu, kisha akajifunga kitenge vizuri kiunoni na kutoka. Mwaka huo alihamia Katana, nje ya mji, na watu wake. Duka halikuzungumziwa tena isipokuwa kama jeraha.

Mama alirudi kufuma peke yake, soksi kwa soksi, na kwa soksi hizo nikasoma. Sasa mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Msimamizi wa tasnifu yangu huandika pembeni mwa kurasa zangu: «Umethibitisha vipi?» Ni swali la kawaida la kitaaluma. Mimi kila nikilisoma hufunga daftari na kwenda kusimama uani.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka uzee, kwa maana mwoga mwenye elimu hapungukiwi hoja. Lakini mwezi uliopita binti yule wa skafu ya kiganja alikuja kumwonyesha Mama mishono yake. Vidole vya Mama vimekakamaa, hafumi tena, alimwelekeza kwa maneno tu. Binti akauliza bila ubaya:

«Maman, na ufundi hii yote, juu ya nini haukufunguaka duka?»

«Duka yangu iliibwa,» Mama alisema. «Rafiki yangu aliniiba. Uliza Ansima, yeye aliangalia masweta yote siku ile. Si ndiyo, Ansima?»

Nina miaka ishirini na minane. Hapakuwa na njaa wala mikate. Nikasema: «Ndiyo, maman.»

Utotoni tulidanganya kwa sababu ya mikate, na tuliamini kwamba wakubwa hawadanganyi. Leo laine mpya inauzwa mjini kwa rangi ambazo hatukuwahi kuziota, wasichana wanaagiza sindano kwa simu, na hakuna anayevunja urafiki kwa ajili ya mshono wa ubavu. Zamani kulikuwa na baridi, uhaba, na wanawake wawili wenye mikono mizima. Wakati ule neno langu moja lingetosha kurekebisha kila kitu. Wakati huu sijui lingerekebisha nini, na kutojua huko kulinichelewesha wiki tatu zaidi.

Jana mchana nilimtafuta Furaha, binti wa kwanza wa Maman Furaha, nikamwomba namba ya mama yake, nikapiga nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeandika sentensi sita. Nilisoma mbili.

«Najua,» Maman Furaha alinikata. «Nilijua siku ileile. Uliangalia uji.»

«Mbona haukusema, maman?»

«Mama yako alishaniona mwizi. Nimushitakie mutoto wake tena?» Alikohoa. «Angali anafuma?»

«Hapana. Vidole vimekakamaa.»

«Na mimi vilevile.» Kisha akaongeza: «Basi ndiyo umenipigia leo, mikono ikishakufa, kuniambia ile duka ingewezekana.»

Nilianza sentensi ya tatu, ile ya kuomba msamaha. Hakuitaka.

«Ile utaniambia mwisho. Maman yako iko wapi?»

«Iko uani.»

«Mwendee. Mwambie weye mwenyewe, hapana mimi, na usikate simu, nisikie. Nitangoja. Nishazoea kungoja.»