Tablet ilimchagua mama, mzee akakataa: yaliyonikuta Nduruma nikikusanya maoni ya bima ya afya

Wakuu, shikamoo kwa mnaostahili, na mambo kwa sisi tuliobaki.

Nimesoma nyuzi zenu miaka yote bila kuandika hata mstari mmoja. Leo nina la kwangu, na nikiongeza chumvi moderator aufute huu uzi mchana kweupe. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni dada wa Daraja Mbili, Mchaga wa kuzaliwa Arusha. Nilimaliza diploma nikakaa nyumbani hadi mama akaanza kunitambulisha kwa wageni, "huyu ananisaidia saidia hapa." Mama yangu mzazi, jamani!

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kukusanya maoni ya wananchi, wiki ile ya training nilikuwa naenda hadi dukani kununua chumvi nikiwa na kitambulisho shingoni. Sitanii. Muuza duka akaniita mheshimiwa, nikaitika.

Utafiti ulihusu mabadiliko ya huduma za afya. Watu wanaionaje bima ya afya kwa wote, wanatibiwa wapi, wangependa nini kibadilike.

Sasa kuna sheria moja, ishikeni vizuri. Ukifika kwenye nyumba unaingiza kwenye tablet majina ya watu wazima wote wanaoishi pale, halafu tablet yenyewe inachagua mmoja, random. Huyo ndiye unamhoji, tena akiwa peke yake. Awe muongeaji, asiwe muongeaji, ndiye huyo huyo.

Supavaiza wetu kaka Gody ni mpole, ila hapo hana utani. Alituambia, "Ukimhoji mtu ambaye hajachaguliwa, tablet unairudisha siku hiyo hiyo, na wewe unarudi kwenu."

Nirudi kwa mama nikasaidie saidie? Thubutu!

Siku ya nne tukapangiwa Nduruma. Nikafika kwa mzee mmoja, nimwite Mzee Anaeli, mkulima wa nyanya na mzee wa kanisa. Nyumba ina watu wazima watatu: yeye, mke wake Mama Neema, na kijana wao aliyekuwa shambani. Binti yao Neema ameshaolewa.

Nikaingiza majina matatu, nikabonyeza. Tablet ikamchagua Mama Neema.

"Mzee, leo bahati imemwangukia mama," nikasema kwa uchangamfu wote.

Mzee akacheka. Alipoona mimi sicheki, akavuta kiti karibu.

"Binti, mimi ndiye mwenye mji huu. Maswali yanakuja kwangu. Mama atakuletea loshoro."

"Mzee, si mimi niliyechagua, ni hii tablet."

"Kwani hiyo tablet inanijua?"

"Haikujui, mzee."

"Basi ndiyo maana imekosea."

Wakuu, nilibana kicheko hadi mbavu zikauma.

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Akasema taratibu, "Muulize tu baba yako, mwanangu. Mimi nitasema nini?" Lakini hakuondoka pale mlangoni.

Hapo ndipo nikajiona nina akili kuliko watu wote wa wilaya. Kwenye tablet kulikuwa na fomu mbili, ya mazoezi na ya kazi. Maswali ni yale yale, tofauti ni rangi ya juu tu: ya mazoezi kijani, ya kazi bluu. Ya mazoezi ukiifunga inajifuta. Nikasema, namhoji mzee kwenye ya mazoezi roho yake itulie, halafu mama kwenye ya kazi. Kila mtu anafurahi, mimi nabaki na kazi yangu.

Mzee akaanza. Aisee! Swali la ndiyo au hapana, anajibu kuanzia enzi za marehemu babu yake. Nikamuuliza kama anaunga mkono kila mtu awe na bima, akasimama. Akamwita jirani aje asikilize. Kila akimaliza jibu ananiambia, "Nisomee." Nikisoma anatikisa kichwa, "Hapana, hujaweka uzito," tunarudia.

Lilikuwa jua la saa sita, kioo kinameta, mimi nimejaa loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando. Rangi ya juu sikuiangalia vizuri. Kumbukeni hilo.

Tulipomaliza, mzee akamsindikiza jirani yake huku bado anahutubia. Nikazunguka nyuma ya jiko, Mama Neema amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi.

Maswali mawili ya kwanza alijibu akiwa ameinama. La tatu akaweka kisu chini.

"Bima naitaka," akasema. "Lakini wewe hapo unaniandikia kadi. Mimi nataka nikifika dirisha la dawa nisiambiwe nikanunue nje. Kadi haishushi homa."

Jamani mama yule! Kumbe alikuwa nayo yote kifuani. Manesi, foleni, njia mbovu wakati wa mvua, wajawazito. Mimi naandika huku natabasamu kama nimechumbiwa leo.

Naaga, akanishika mkono. "Hakuna mtu amewahi kuniuliza mambo haya. Yatafika kweli?"

Nikamjibu, "Yatafika, mama." Kwa kifua mbele kabisa.

Nilipofika Tengeru nikakaa mahali penye kivuli na network ili nitume kazi ya siku. Nikafungua fomu ya bluu.

Babu yake Mzee Anaeli. Jirani. Hotuba yote iko humo.

Wakuu! Si mnakumbuka majina niliyaingiza kwenye fomu ya kazi? Nilidhani nimetoka, kumbe niko humo humo. Mzee nikamhoji kwenye ya kazi, nilipobadilisha fomu kwa ajili ya mama nikaingia ya mazoezi, nikaifunga mwenyewe kwa mkono wangu. Majibu ya Mama Neema yalikuwa yamefutika yote.

Sasa oneni mtego. Fomu imejaa, juu imeandikwa jina la Mama Neema. Nikibonyeza tuma, hakuna mtu duniani atakayejua. Nikisema, kazi imeota mbawa.

Nilishika ile tablet muda mrefu. Namsikia mama yangu nyumbani ananitambulisha kwa wageni, namsikia na yule wa Nduruma anauliza yatafika kweli. Mungu anisamehe, nilikaribia sana kutuma.

Nikampigia kaka Gody. Nililia hadi muuza parachichi wa pembeni akanipa moja bure.

Gody akasema, "Kesho kutwa asubuhi tunaenda wote. Habari ya kazi yako tutaongea baada ya hapo."

Siku mbili chakula hakipiti, na mimi ninavyopenda kula!

Tukafika. Nikapiga magoti mbele ya mzee na mama, nikaeleza kila kitu, mpaka ujanja wangu wa rangi.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo yale yangu ulitaka yawe ya mazoezi?"

"Nisamehe, mzee wangu."

"Na jirani nilimwita!"

Kaka Gody akageuka upande kukohoa. Hakuwa na kikohozi.

Kisha akamwomba mzee amtembeze shambani ili nibaki na mama, maana sheria ni mtu peke yake. Mama Neema akasema, "Hapana. Akae. Nataka asikie."

Gody akaniangalia, akaangalia chini. "Mama akitaka mwenyewe, sawa."

Tukaanza upya. Wakuu, yule mama alikuwa na fomu nzima kichwani! "Hilo nilikujibu ndiyo, halijabadilika. Hilo la dawa andika kama juzi, sasa linakuja la umbali." Na kweli likaja la umbali. Nilikuwa nacheka kwa raha hadi machozi, maana hakuna kilichopotea, yote yalikuwa kwake salama kuliko kwenye tablet yangu.

Mpaka tukafika swali la nani anapaswa kuamua mtu wa nyumba hii akiumwa aende hospitali.

Akajifunga kanga vizuri.

"Juzi nilisema baba Neema. Hilo nimelifikiria siku mbili. Nabadilisha. Andika mgonjwa mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Akaendelea, "Mwaka ule kifua kilipobana, nililala siku tatu nikisubiri arudi kutoka mnadani aseme nenda. Na zahanati naiona nikikaa hapa mlangoni."

Mimi nimeshika tablet, kidole sithubutu kukishusha, namwangalia mzee kwa jicho la pembeni. Alivua kofia, akaigeuza geuza mkononi. Nikajua hapa tunafukuzwa wote.

"Binti," akasema.

"Naam, mzee."

"Mbona huandiki? Mama amejibu."

Nikaandika, wakuu.

Tukiwa njiani Gody akaniambia nabaki kazini, ila wiki nzima nitafanya kazi yeye akiwa pembeni yangu. Niliruka pale barabarani, nikamkumbatia, nikamkumbatia na bodaboda wa watu asiyehusika na lolote. Nilimaliza mradi wote, na mama siku hizi ananitambulisha kwa jina.

Nilichojifunza ni kwamba mzee yule nilimkosea heshima pale nilipodhani hawezi kubeba ukweli. Ningekaa naye nikamweleza taratibu, huenda angenielewa siku ile ile. Nilimdharau huku namwamkia shikamoo.

Haya, karibuni mseme. Kwenu mtu akiumwa, nani anaamua aende hospitali? Ila kabla hujaandika jibu lako hapa, nenda kwanza jikoni ukamuulize mama.