Wifi Alishuhudia Mapema

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa mkono wake namvulia kofia. Akipinda pindo huoni uzi ulipoanzia. Nasema hivi mwanzoni ili mtu asidhani namsema kwa chuki, maana nitamsema sana. Ni mke wa kaka yangu, tumekuwa mawifi kwa miaka ishirini na mbili, tumegombana karibu kila wiki, na sijaona mtu anayemwamini Mungu kama yeye. Kwa miaka kumi na tisa aliomba mtoto, hakupewa. Jumapili zote hizo alifika kanisani kabla ya mwenye ufunguo, na mwenzake akijifungua, yeye ndiye aliyeshona nguo za kwanza za mtoto. Ningekuwa mimi, ningeshamnunia Mungu zamani.

Kaka alikuwa fundi rangi. Wenzake walimwita Ngazi, kwa sababu alikuwa mrefu kiasi kwamba dari za nyumba za kawaida alizipaka akiwa amesimama sakafuni. Siku moja akapewa ukuta wa ghorofa mbili, akapanda ngazi ya kweli, ikateleza. Alikaa hospitali wiki sita, akarudi nyumbani akiwa hasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Daktari alituambia mambo mawili: hatatembea tena, na lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo nyama itaanza kuoza mahali anapolalia.

Kumgeuza mtu mzima si kazi ya mtu mmoja, achilia mbali mtu wa urefu ule. Unakunja shuka, unalipitisha chini ya mgongo na makalio. Mmoja anashika upande huu, mwenzake upande ule, mnamnyanyua kidogo, mnamsogeza, kisha mnamlaza ubavu, na kumwekea mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Wifi alishona vishikio vinne kwenye pindo za shuka hilo, vigumu kama vya mkoba, ili mikono isiteleze. Akina mama wa kanisani kwake wakapanga zamu. Karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, majina yamefuatana ya asubuhi na ya mchana. Mimi ni mpishi wa shule, natoka saa tisa, kwa hiyo jioni ilikuwa yangu. Usiku wanaume wa kwaya walipokezana kulala sebuleni. Kwa miezi miwili ngozi ya kaka ilibaki safi, na wifi aliweza kukaa kwenye cherehani akashona sare za shule kama zamani.

Kisha akaja mhubiri mgeni. Sikuwepo, mimi si mtu wa kanisani, lakini wifi alinisimulia huku macho yakimwaka. Mhubiri alisema anayesubiri kuona kwanza ndipo ashukuru, huyo hana imani. Mwenye imani hushukuru kabla. Wifi alirudi nyumbani, akafunga siku tatu bila kula, na Jumapili iliyofuata, ulipofika wakati wa shuhuda, akasimama, akapewa kipaza sauti, akasema, "Bwana asifiwe. Mume wangu amepona."

Hakusema atapona. Alisema amepona. Kanisa zima likasimama, watu wakaimba na kulia, wengine wakamkumbatia mpaka kilemba kikamvuka. Katikati ya wiki mama mwenyekiti wa akina mama akaibandua ile karatasi ya zamu, kwa roho safi kabisa, akapanga nyingine kwa ajili ya mjane mwenye kifua kikuu. Jumatatu iliyofuata hakuja mtu, na usiku sebuleni hakulala mtu.

"Waambie," nilimwambia wifi. Tulikuwa jikoni, anachuja uji.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mume wako yuko chumbani amelala kama gogo, hajasogeza hata kidole cha mguu."

"Wifi, mimi nimeshashukuru. Nikirudi kusema hajapona, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba hakufanya."

"Kwani amefanya?"

Aliweka chujio chini taratibu. "Wewe huwezi kuelewa," akasema, na kweli sikuelewa.

Kaka ndiye aliyenizuia nisimshukie zaidi ya hapo. Alikuwa na utani wa mafundi rangi, utani mkavu. Nikiingia jioni alinipokea hivi: "Mdogo wangu, nasikia nimepona. Mbona mimi sijaletewa taarifa?" Siku nyingine aliagiza, "Mwambie wifi yako wa kanisani, yule mtu aliyepona anaomba chai." Mimi nilicheka, yeye alicheka, kisha mimi na wifi tukamgeuza, na hakuna aliyecheka tena. Nilipotaka kwenda kanisani mwenyewe nikaseme ukweli, alinishika mkono. "Mwache. Mimi nimevunjika mgongo. Huyu naye akivunjika, uji nitanyweshwa na nani?"

Basi niliendelea kuja jioni. Wifi akabaki peke yake na masaa mengine yote, usiku na mchana. Alijikaza kisabuni. Alipanda kitandani, akaweka goti moja ukutani, akavuta shuka kwa vishikio viwili huku anaita jina la Yesu kwa kila mvuto. Kaka alisogea, ndiyo, lakini alisogea kwa kuburutwa. Wiki ya tatu niliona wekundu juu ya mfupa wa makalio. Wiki ya tano ngozi ilifunguka. Muuguzi wa zahanati alikuja, akakitazama kidonda, akamuuliza wifi anamgeuzaje, na wifi akamwonyesha.

"Mama, ndivyo kidonda kilivyoanza," muuguzi akasema. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Ukimvuta peke yako, ngozi inasuguliwa na shuka. Tafuta mtu wa pili."

Alipoondoka, wifi aliitazama mikono yake juu na chini. Nilidhani sasa atakubali. Alikwenda kwenye cherehani, akakaa, akashona kola nne bila kuinua kichwa. Ya tano aliishona kinyumenyume, akaifumua, akaishona tena kinyumenyume.

Sikuweza kuvumilia. Nilikwenda kwa mama mwenyekiti, kaka apende asipende. Nikamkuta anaanua nguo. Nikamweleza yote kuanzia shuka hadi kidonda, mdomo wangu hauna breki. Alinisikiliza mpaka mwisho, nguo zikiwa begani.

"Dada," akasema, "sisi tulihisi. Wawili wetu walikwenda kumwona, wakaambiwa mlangoni kwamba amelala. Lakini mwenye mume alisimama mbele ya madhabahu akashuhudia. Tukirudi na ndoo na mashuka bila yeye kusema, tutakuwa tunamvunja mbele ya watu. Mwambie aseme neno moja tu. Tutakuja siku hiyo hiyo."

Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini nikiwa njiani kurudi nilijua nina hasira na mimi mwenyewe pia. Kidonda cha kaka yangu kilikuwa kinangoja neno la wifi, yeye alikuwa anangoja neno la Mungu, na mimi nilikuwa mtu wa jioni tu, natoka saa tisa na nina sufuria za watoto mia nne asubuhi. Wote tulikuwa na sababu nzuri.

Ijumaa moja nilifika saa tisa u nusu, nikabisha, sikuitikiwa. Nikasukuma mlango wa chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu. Kaka alikuwa sakafuni, amelala ubavu kati ya kitanda na ukuta, na wifi amekaa nyuma yake, amemwegemeza kifuani. Alikuwa amemfunika mashati ya shule ambayo hayajatiwa vifungo. Shuka la kugeuzia lilining'inia kwenye nondo za dirisha. Alikuwa amefunga vishikio hapo ili dirisha liwe mtu wa pili, akavuta, kishikio kimoja kikang'oka, kaka akaporomoka sakafuni, naye wifi juu yake.

"Tangu saa ngapi?" nikauliza.

"Saa nne," wifi akasema.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. "Mbona hukupiga kelele? Jirani yuko hapo nyuma ya ukuta."

"Jirani ni wa kanisani."

Nilikaa chini. Nilitaka kumpiga, nasema kweli, na nilitaka kumbeba mgongoni kama mtoto. Kaka alikuwa anawaka homa, midomo imepasuka, lakini alinitazama akasema, "Usimgombeze. Tumeshinda hapa tunaongea. Ni siku nyingi hatujaongea." Kisha akageuza shingo kadiri alivyoweza amwone mkewe. "Mke wangu, mimi simlaumu Mungu wako. Lakini nimechoka kuwa ushuhuda. Niwe mgonjwa tu."

Wifi alilia hapo, kwa sauti, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu ngazi iteleze. Nilimwita jirani, na tulipokuwa watu watatu kaka alirudi kitandani kwa mnyanyuo mmoja. Jirani aliona kidonda. Alitoka nje, akasimama uani muda mrefu ameshika kiuno.

Jumapili nilimwacha kaka na muuguzi, nikamsindikiza wifi kanisani. Sikumwamini kwamba atasema. Nilikaa naye benchi moja na kiatu changu juu ya ncha ya gauni lake, maana nilihofia atatoroka. Wakati wa shuhuda mtu mmoja alisimulia safari njema, mwingine mtoto aliyefaulu mtihani, kila mmoja akapigiwa makofi. Wifi akasimama. Watu walipomwona walianza kutabasamu kabla hajafungua kinywa.

"Mume wangu hajapona," akasema. "Nilisema amepona kwa sababu nilitaka apone. Ana kidonda chini ya mgongo, yai zima linaingia ndani. Nimekifanya mimi kwa mikono hii. Mungu namwamini kama nilivyomwamini jana. Lakini siwezi kumgeuza peke yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyejua kama hilo linaitikiwa Amina au haliitikiwi. Mchungaji alikitazama kitabu chake. Wifi alibaki amesimama na kipaza sauti mkononi, na sikuweza kumwacha mtu wangu asimame hivyo bila kujibiwa. Nikasema "Amina" kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mama mwenyekiti akainuka, akaja, akamtoa nje akiwa amemshika kiuno, na wanawake wengine saba wakawafuata kabla ya mahubiri.

Walikuja siku hiyo hiyo, kama alivyosema. Walikuja na mito, na maji ya chumvi, na mashuka yaliyopigwa pasi. Hawakuuliza kitu. Mmoja alipofunua bandeji alishika mdomo, kisha akaosha mikono akaendelea. Muuguzi alileta dawa za sindano. Daktari tuliyemwita alisema kama tungempeleka hospitali wiki mbili nyuma, labda, ila sasa sumu imeshaingia kwenye damu, na kumhamisha ni kumtesa. Alisema hivyo kwenye korido, kwa upole, akafunga mkoba wake.

Jumatano mchana mama mwenyekiti alimwambia wifi, "Wewe sasa nenda kalale. Sisi tuko watu sita, hakuna kazi hapa ambayo hatuiwezi." Wifi alikataa, wakamvua viatu kwa nguvu, wakamlaza kwenye mkeka chini ya meza ya cherehani, wakamfunika. Alilala papo hapo. Alikoroma, wifi yangu ambaye hakoromi. Nilipofika saa tisa u nusu wanawake walikuwa wamesimama kuzunguka kitanda, wawili bado wameshika shuka. Walikuwa wanamgeuza upande wa kushoto, wakasikia amekuwa mzito. Kaka yangu alikuwa ameshakata roho. Alikuwa msafi, amewekewa mito vizuri, upande wa kushoto, kama daktari alivyotaka tangu mwanzo.

Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwamsha wifi. Ilibidi nimwamshe mimi. Alifungua macho, akaniona, akatabasamu, maana mwili ulikuwa umepumzika. Kisha akauona uso wangu.

Tulizika Ijumaa. Sasa ni wiki ya tatu. Nakuja bado nikitoka kazini, ingawa hakuna wa kugeuzwa. Cherehani imefunikwa, sare za watu zimerudishwa bila kushonwa. Wifi hali chakula vizuri, haongei vizuri, na akina mama wakija anawajibu "ndiyo" na "asanteni". Jana nilimuuliza lile nililokuwa nalo moyoni, maana mimi si mtu wa kuzunguka.

"Wifi, huyo Mungu bado unamwamini?"

Alinitazama kama nimeuliza kama bado anapumua. "Nikimwacha," akasema, "nitamuuliza nani?"

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia anapiga magoti kando ya kile kitanda kisicho na godoro. Nilitegemea kilio, au wimbo. Hakuimba. Aliongea kwa sauti kavu, kama mtu anayemkabili mwenzake uso kwa uso: "Mwezi na zaidi nilikuwa macho. Usiku na mchana nilikuwa macho. Ulishindwa kumchukua nikiwa macho?"

Halafu akanyamaza, anasubiri jibu, na mimi nje ya mlango nikajikuta nasubiri naye.